Kabati la Mninga Litakaa Wapi

Nkuhungu, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Kuna sauti moja imenikaa masikioni tangu Jumamosi, nami nianze nayo kabla hata ya kukuamkia, unisamehe. Ni sauti ya droo ikifungwa. Haigongi, haikwaruzi. Ni kama pumzi: hewa iliyokuwa ndani inatafuta pa kutokea, inapita pembeni taratibu, na droo inaingia yenyewe kama mtu anayekaa chini baada ya kazi. Niliifungua na kuifunga, nikaifungua tena na kuifunga, mpaka mwanamke anayefanya kazi pale karakana akaniuliza nimepoteza nini humo ndani.

Sasa shikamoo, Mama. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshamgawia jirani? Asha ameniambia umeanza tena kubeba kuni mwenyewe, nikamwambia akufiche kamba. Huku mimi ni mzima. Upepo wa msimu huu ni ule ule, unaingiza vumbi mpaka kwenye sukari, lakini kifua changu hakijanisumbua, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wako kwenye marudio, kwa hiyo sauti ndiyo imekauka kidogo.

Najua unachongoja katika barua hii. Mjomba Shabani amehangaika mpaka akanipatia nafasi ya kufundisha kemia hapo Soni, karibu na nyumbani, na mkuu wa shule anataka jibu kabla ya mwaka mpya wa masomo. Wewe umeshapiga lipu chumba changu. Kila ukinipigia simu unauliza, nami kila mara naulizia habari za kuku. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu nakusikia ukinyamaza, na ukinyamaza hivyo mimi hukubali jambo lolote. Kwenye karatasi naweza kufika mwisho wa ninachotaka kusema. Basi nivumilie, maana siwezi kukujibu bila kukusimulia kwanza habari za kabati.

Nilipoondoka ulinipa sharti moja: nisinunue kabati. Godoro na begi vinatosha, ulisema, maana mtu anayeweka kabati ugenini amekwisha kuhama, hata kama mwenyewe hajui. Nimelishika sharti lile. Miaka yote hii nguo zangu zimekaa kwenye begi la bluu, na kila asubuhi napiga magoti sakafuni kutafuta gauni kama abiria aliyeshuka stendi. Zipu ilikufa zamani, nalifunga kwa kamba. Sikuwa naona kama ni shida. Niliona ni namna ya kuwa mwaminifu kwako.

Karakana niliingia kwa ajili ya stuli za maabara. Shule ilinituma nipeleke zile zilizovunjika kwa Fundi Ramadhani, mzee wa Kondoa mwenye banda lake karibu na ninapoishi. Nikakaa kusubiri, na kama unavyonijua, nikawa nauliza: kwa nini unakata huku na si kule, kwa nini gundi kabla ya msumari. Akanivumilia kidogo, kisha akaninyooshea kipande cha msasa. "Mwalimu, kama utaendelea kuuliza, basi na mikono ifanye kazi." Tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana niko pale. Sikukuambia kwa sababu nilijua utauliza namfanyia nani kazi, na jibu ni kwamba simfanyii mtu.

Mwaka huu Fundi alikuwa na mbao za mninga zimelala. Mteja aliziagiza kwa ajili ya milango, kisha akabadili mawazo akaweka alumini. Fundi akaniuzia kwa bei ya kunionea huruma na kusema nitengeneze kitu changu mwenyewe, si kusugua vya wengine. Nikasema kabati la droo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Neno lilitoka kabla sijakumbuka sharti lako, na nilipolikumbuka nilikuwa nimeshaanza kupima.

Ungeuona mninga ukipigwa randa, Mama. Juu ni ubao wa kawaida tu, wa kijivu, una mchanga. Ukipita mara ya kwanza inatokea rangi ya chai iliyokolea, na ndani yake mistari inapita kama maji yaliyosimama. Nilikata viungo vya pembe kwa namna ya mkia wa ndege, vyembamba kwenye shina na vipana mwishoni, vikishaingiliana havichomoki hata bila msumari. Vya kwanza vilivunjika. Vya pili vilikaa kama meno yaliyoota vibaya. Nilikuwa nakwenda darasani na malengelenge, nashika chaki kwa vidole viwili, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Fremu ilisimama vizuri. Nikaunda droo ya kwanza, uso wa mninga na mbavu za pembeni za paini, nikaiingiza. Iliingia bila kugusa popote. Nikaona nimemaliza. Fundi akaja, akaitikisa.

"Mwalimu, hii droo ni ya kabati gani?"

"La hili hapa, Fundi."

"Hapana. Hii ni ya kabati dogo kuliko hili. Tazama, kidole changu kinapita."

Mama Sara, yule yule aliyeniuliza nimepoteza nini, ni Mgogo wa Bahi na ndiye anayepaka na kung'arisha vitu vyote vinavyotoka pale. Hakuinua hata uso. "Mwache, ameacha njia ya panya. Panya naye ana nguo zake."

Nikajitetea. Nikasema kwetu ndivyo tunavyofanya, tunaacha nafasi, kwa sababu ukungu ukiingia mbao zinavimba.

"Kwenu wapi?" akauliza Fundi.

"Soni. Milimani."

"Na hapa ni wapi?"

Nilikuwa natazama ule mwanya na nikauona ni wa nani. Ni wa mlango wetu wa jikoni, Mama. Ni ule mlango ambao kila masika unaushusha, unaulaza juu ya mawe na kuupiga randa ya marehemu Baba, kisha jua likirudi tunaziba uwazi kwa kitambaa cha kanga. Hakuna aliyenifundisha kipimo kile. Mikono ilikijua tu, ikaja nacho mpaka Dodoma, mahali ambapo kwa miezi mingi hata nguo nzito inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili.

Fundi akakaa juu ya benchi. Hakuwa ananicheka tena. "Nataka kujua jambo moja. Kabati litakaa wapi? Kama linakwenda milimani, umepima sawasawa, sina la kusema. Kama litakaa hapa, kiangazi kitazikausha hizi droo mpaka zicheze. Na ukizikaza kwa hewa ya hapa halafu ukazipeleka kwenye ukungu, utaita vijana waje wazivute. Chagua, mimi nikuoneshe. Droo ya kukaa kote kote mimi siijui."

"Anangoja mume amwambie," akasema Mama Sara.

"Mume akija atakuta droo hazina mbavu," nikamjibu, wakacheka, na kazi ikaishia hapo siku hiyo.

Kwa wiki kadhaa sikugusa droo. Nilisugua fremu, nikatengeneza vishikio, nikafagia banda ambalo halikuhitaji kufagiwa. Fundi hakuniuliza tena, na kunyamaza kwake kulinikumbusha kunyamaza kwako. Usiku, kwa mawazo tu, nililiweka kabati kwenye kile chumba ulichopiga lipu. Niliona linavyokaa chini ya dirisha la upande wa mgomba. Nikaona nguo zangu humo, na wewe ukipita mlangoni na kikombe, unasema usisome gizani. Sitaki uniwazie kwamba picha ile ilinichosha. Ilikuwa nzuri. Ningeishi ndani yake na ningekuwa sawa.

Kisha nilijaribu kutafuta sababu kubwa ya kubaki huku, sababu ambayo ningeweza kukutolea wewe na Mjomba mkaikubali, nikakosa. Hakuna mwanamume, kama Bibi anavyodhani. Mshahara ni ule ule. Nilichokipata ni vitu vidogo. Hapa nchi ni tambarare, mtu namwona anakuja kwa mbali na napata muda wa kujiandaa. Nyumbani kila mtu ananijua tangu sijatembea, na akiniuliza jambo najibu kama mtoto wako, kabla sijajiuliza mimi mwenyewe naonaje. Hapa, kwa mara ya kwanza, nasikia ninachofikiri kinaanza, kinakwenda, kinafika. Wanafunzi niliowapokea kidato cha kwanza hawajui maji ya chokaa ni nini ndio sasa wanabishana nami kuhusu milinganyo. Na Jumamosi kuna banda la Fundi Ramadhani. Ni hayo tu. Niliyapanga na kuyapangua, nikaona hayaongezeki, lakini hayapungui pia.

Aliyenisaidia kumaliza ni Asha, naye hakujua. Alinipigia kuuliza habari za simu mpya, na katikati akasema, "Dada, mimi sikulazimishi. Ila kama huji, sema, maana cherehani yangu inalala barazani na mahindi, na wateja wanadhani nashona magunia." Nilicheka, kisha nikakata simu. Chumba kizuri kilikuwa kinaningoja, na mtu anayekihitaji alikuwa anashonea nje.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Fundi, "Litakaa hapa."

"Haya," akasema. "Basi tukate mbavu upya."

Akaenda kuchagua mbao. Tulipima upya ile ya kwanza, tukaunda na nyingine nne. Nafasi tuliyoacha ni ya kupita kadi ya benki tu, kwa ajili ya mvua za hapa ambazo hazikai sana. Nilipoingiza ya mwisho na kuisukuma, ile ya juu yake ikatoka nje kidogo, peke yake, kwa sababu hewa haikuwa na njia nyingine. Hapo ndipo niliposikia ile pumzi. Fundi alisema hiyo ndiyo dalili ya droo iliyokaa sawa, na akaenda kuswali.

Mama Sara alinikataza vanishi. Ana ndugu wanaofuga nyuki huko Chemba, akaniletea nta, tukaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu pamoja na mafuta kidogo, tukaipaka kwa kipande cha kitenge. Unapaka kidogo, unasugua sana, unaacha, unarudi. Nilikuwa nasugua pole pole mno kwa macho yake.

"Mwalimu, unalipaka au unalibembeleza?"

"Nalizoea."

"Mume naye utamsugua hivyo hivyo?"

"Yeye nitampaka vanishi, akauke mapema."

Usimwambie Bibi kwamba nilijibu hivyo. Au mwambie.

Lilikuja nyumbani juu ya guta, limefungwa kwa shuka langu. Mama mwenye nyumba alitoka nje na unga mikononi, akanitazama, akatazama kabati. "Mwalimu, unaolewa?" Nikamwambia hapana, nahamia. Akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unaishi wapi?" Kisha akaita watu walishike, wasije wakaligonga mlangoni. Begi la bluu nimempa Mama Sara abebee mchele akienda kwao. Nguo zangu zimejaza droo nne. Ya juu kabisa iko wazi. Nimeiacha kwa ajili yako, usiwe unainama, maana nataka uje likizo ya Juni ukae mwezi mzima kwenye hewa kavu, tuone magoti yatasemaje. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Sikudanganyi kwamba haikuniuma. Niliuwaza ule mlango wa jikoni na nani ataushika upande wa pili masika ijayo. Nimepanga kuwa hapo wiki ambayo mvua zinaanza, kila mwaka, na Asha amesema atashika miaka nitakayoshindwa. Hilo sikuliweka kama faraja, tumelipanga kabisa.

Nisalimie Bibi, mwambie bado nakula vizuri na mlenda nimeupenda. Msalimie shangazi Mwanahamisi, mlezi wangu wa pili, na baba mdogo Idi anayekuchungia mbuzi. Mjomba Shabani sikutaka asikie kwa mtu mwingine, nimeshaongea naye. Alikasirika, kisha akauliza mninga unauzwaje huku.

Wewe unajua mbao, Mama, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zaidi: droo hizi zikiletwa Soni hazitafunguka. Asha nimemwambia aingize cherehani chumbani, aiweke chini ya dirisha kwenye mwanga. Na Jumatano asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nilipitia posta nikatuma jibu kwa mkuu wa shule, nikimshukuru na kumwomba nafasi ile ampe mwingine.

Mwanao anayekupenda,
Zuhura