Adabu za Binti wa Runingani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata! Nimepata! Mimi ndiye sauti ya Binti – yule yule wa tamthilia ya ng'ambo ambayo Bibi haikosi hata akiwa na homa. Kuanzia wiki ijayo hakuna tena maandishi chini ya picha. Itasema Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kitatoka kinywani mwangu! Nimeshuka ngazi za ofisi mbilimbili, mlinzi akaniuliza kama nimeposwa.

Bibi simwambii. Miaka yote hii mimi ndiye ninayemsomea yale maandishi, macho yake hayayafikii. Nataka akae kwenye kiti chake, asikie, aruke: huyu si mjukuu wangu? Anitambue mwenyewe! Nikiufikiria uso wake tu nacheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza studio. Chumba kama kabati, kuta za sponji. Kwenye skrini Binti anaingia sebuleni kwa baba mkwe wake, anafungua mdomo – nami huyo: "Shikamoo, baba!" Fundi mitambo akasimamisha kila kitu. Kumbe mtoto wa watu alikuwa anasema, "Funguo ziko wapi?" Fundi alicheka mpaka akavua miwani.

Mazoea hayo! Siku moja nilimsomea Bibi kama ilivyoandikwa, akanuna: mtoto gani huyu, zima. Tangu hapo kila mtu mzima akitokea, Binti wangu anaamkia. Anaomba radhi. Akimfokea mama mkwe, mimi nasema anamuuliza kama amekula. Basi Bibi anampenda kufa. Anamwita mke mwenza, kama anavyoniita mimi.

Jumanne, 11 Machi

Msimamizi anataka sauti ya "kimataifa". Tamthilia itaonyeshwa nchi kadhaa, asitokee mtu akasema huyu ni wa kwetu au wa kwao. Nisivute maneno. Nisicheke kwa koo. Nisigune. Mimi, nisigune! Nimefanya mazoezi bafuni hadi dada akagonga mlango akiuliza naongea na nani. Ikabidi nimwambie siri.

Leo mchana nimeipata! Msimamizi akapiga makofi: safi, sasa mtu hajui kabisa umetoka wapi! Halafu fundi akaipitisha kwenye mashine yake, ikatoka nyororo, kama si ya mtu. Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerekodi Binti akimwita baba mkwe kwa jina. Jina tupu! Ulimi uligoma, fundi akarudisha nyuma, ukagoma tena. Mwisho nikafumba macho nikalitema.

Inarushwa kesho. Bibi amemwalika jirani mshonaji.

Jumamosi, 15 Machi

Jamani.

Wote sebuleni. Binti akaingia, sauti yangu ikajaa chumba. Sikuangalia runinga hata kidogo, nilimkodolea macho Bibi. Akatega sikio. Akakunja uso. Binti akampita mkwe wake bila salamu, akamwita jina, akadai funguo. Mshonaji akasema, "Makubwa haya!"

Bibi akasema wamemharibu. Siku zote mtoto alikuwa na adabu zake, leo kaingiwa na nini? "Na hii sauti ni ya nani? Mtu gani huyu, hana kwao?"

Dada akaangalia dari, mabega yanamtikisika. Nikafungua mdomo niseme. Bibi akanishika mkono. "Ningejua wanatafuta mtu, mke mwenzangu, ningekupeleka wewe. Wewe ndiye unayemjua."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikasimama tu pale maji yakitiririka. Iliniuma. Nusu nzima iliyobaki nikaisikia kutoka huko, na ilikuwa nzuri, hilo siwezi kukataa – hata mimi nilisahau kwamba ni mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi. Naandika nimesimama. Bibi ameoga, amevaa viatu vyake vya kutokea, anataka nimpeleke kwa wenye tamthilia. Jana kutwa nimemwambia ofisi ziko mbali, ooh wana shughuli nyingi, ooh mlinzi ni mkali. Wapi! Anakwenda kuwaambia wamtoe huyo waliyemweka, kazi wanipe mimi. Dada ameshaita teksi – msaliti mkubwa!

Na mimi narekodi leo. Nitaingia mlango ule ule, fundi atanisalimia mbele yake. Nimecheka mpaka machozi, nikafuta, yakaja mengine ambayo si ya kucheka.

Teksi inapiga honi. Bibi anaita kutoka mlangoni: nifanye haraka, na tukifika nisione haya, niwasomee kidogo tu, wasikie Binti anavyoongea hasa.