Jibu Nililompa Binti wa Fomu

Nyumbani, nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu, Mama Maswali wangu,

Salamu nyingi zisizopimika. Hujambo wewe? Kifua kimepona? Baridi ya huko imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Usinywe chai kavu ukasema umekula.

Baba yako hajambo, anakoroma tu kama kawaida yake. Bati la jikoni lililovuja tumeshaliziba.

Sasa mwanangu, kaa kitako. Nimekosa.

Mwezi uliopita nilikuuliza kwenye simu kazi yako hasa ni ipi, maana majirani wakiniuliza nasema tu mwanangu yuko kwenye madawa. Ukanieleza taratibu, kama unamlisha mtoto: mnawauliza wagonjwa dawa imewarudishia nini, wanatembea, wanalala, wanajiosha wenyewe? Mnajumlisha majibu, halafu wakubwa wanaamua dawa inunuliwe au iachwe. Nikaitikia ehee, ehee, kumbe moyo umenilipuka paa!

Kwa maana hapa zahanati tunapewa vidonge vipya vya magoti, vinachunguzwa, na kila mwezi anakuja binti mmoja na fomu. Ana adabu huyo, hata mkoba ananibebea. Akiniuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi, nasema mbili. Kupanda ngazi? Napanda. Niliona haya, mwanangu. Mtu anakujulia hali kwa heshima, dawa umepewa bure, umjibu kwa kulalamika? Sikujua kama anapima. Nilidhani ananisalimia.

Kweli yenyewe ni nane. Ngazi napanda kwa makalio, kinyumenyume. Na wewe pia nimekuficha.

Kibaya zaidi, fundi cherehani jirani yetu naye anameza vidonge hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemwambia asimvunje binti moyo. Jana nilipomweleza uliyosema alinicheka: "Mama wee, unapanda ngazi? Ngazi ipi, ya banda la kuku?" Kisha akakumbuka jibu lake mwenyewe kwa binti. Yeye alisema moja.

Namuwaza mama mwingine huko, nisiyemjua, atakayepewa vidonge hivi kwa sababu yangu, ameze, angoje, na goti lisisikie dawa.

Alhamisi binti anakuja. Tutakwenda wote wawili tuseme nane na tisa, na majibu ya miezi mitatu iliyopita tumwombe ayafute. Akinuna na anune. Nakuuliza wewe mwenye kazi: yanafutika? Kama yameshajumlishwa, niambie tumwone nani. Nijibu kweli tupu, usinihurumie kama nilivyomhurumia yule binti.

Baba yako anakusalimu, shangazi yako na mapacha wake pia, na bibi anayeuliza kila asubuhi unarudi lini. Mungu akutangulie uendako na akufunike ulalapo.

Ni mimi mama yako, mwenye kosa na mwenye kukupenda.