Kofia za Zaina na Mtu wa Kodi

Jumanne jioni, 1999

Bila mimi Bujumbura hii haipati sukari. Ghala zima la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, linanitegemea, na hata wanajeshi wa bariyeri ya barabarani wananipigia saluti.

Sasa leo mtu wa kodi kaja nyumbani, akamuuliza mpwa wangu Zaina, yatima wa dada yangu, anashona kofia ngapi kwa wiki. Nani kamwambia? Namshuku fundi cherehani wa jirani. Tangu mtoto afungue kitabu cha akiba benki, jicho la yule bwana halitulii. Na akiba ile ndiyo karo yake ya shule.

Huyo wa kodi muhuri alikuwa nao, lakini siku hizi za vita nani hana muhuri?

"We bwana," nikamwambia, "tangu lini mutoto analipa kodi?"

"Mutoto halipi, mzee. Tunajumlisha pato lake na la anayemulea. Ikiwa kubwa, unalipa wewe. We unapata ngapi?"

Nikakohoa.

"Mwambie, mjomba," Zaina akasema. "Si we ni shefu, mkubwa wa ghala lote?"

Nikamvuta yule mtu hadi nje, nikamnong'oneza. Akanitazama, akakunja karatasi yake. "Basi apana kodi hapa, mzee." Akaenda, hata chai hakuomba. Hilo nalo silielewi.

Zaina kauliza nimemwambiaje. Nikasema nimemtisha.

Mi nafungua geti la ghala tu. Kofia za mtoto zinaingiza pesa kuliko mimi.