Ugali wa Jana kwa Mvuke

Jumapili, Kariobangi. Nje baridi ya Julai, ndani yangu hasira.

Wifi yangu Rose aliwapigia watu wa nyumbani Kakamega akawaambia kaka yake analishwa kiporo. Ndiyo maana mama mkwe amefika leo bila taarifa, Rose nyuma yake, kujionea mwenyewe.

Sikatai. Nashona mapazia siku sita kwa wiki, napika mara mbili. Hesabu ni hiyo. Oveni hii ya mvuke nimeinunua kwa pesa ya cherehani yangu, hakuna aliyenichangia. Rose huiita sanduku la jasho.

Lakini ni mashine ya kuheshimiwa. Inakunywa glasi moja ya maji, na huku kwetu kuna wiki mfereji hautoi hata tone. Sukuma inabaki kijani. Samaki hakauki. Viazi chini, mayai juu, mimi niko zangu nakata kitambaa, hakuna kinachoungua. Mikrowevu ya zamani ilikuwa ikigeuza ugali kuwa tofali.

Ningeweza kusonga mpya. Unga ulikuwepo.

Nikaona hapana. Kama ni kesi, isikilizwe na ushahidi wake. Nikakata ugali wa jana vipande, nikauingiza pamoja na kuku wa jana, nikafunga mlango. Najua kumwekea mama mkwe kiporo ni kumfukuza kwa sahani. Akikasirika, habari itafika Kakamega kabla yake, na mimi nitakuwa mke asiyejua kutunza mtu. Nikapakua.

Mama alimega tonge, akalifinyanga, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mchuzi. Akala. Akaongeza.

"Mama Faith, hii ugali umesonga saa ngapi?"

Rose akaanza kutabasamu.

"Jana jioni, mama."

Akamgeukia binti yake.

"Na ile ulinipea Krismasi, Rose, ulikuwa umeisonga saa ngapi?"

"Saa hiyo hiyo, mama. Ilikuwa moto kabisa."

"Ndiyo hiyo ilinishinda kumeza."

Sikucheka. Nilienda jikoni kufuta oveni ambayo haikuwa chafu.

Sasa amelala chumbani kwa Faith. Ameniagiza nimwamshe asubuhi kabla sijaenda kazini, anataka kuona maji yanawekwa wapi kwenye ile mashine.