Anayevuja Si Mimi, Ni Gari

Chumba cha Mwisho,
Nyuma ya Duka la Magodoro,
Jumapili, nguo zikiwa bado kambani.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto, mkubwa kwa mdogo. Magoti yako yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia la kulia limekubali ngazi ila la kushoto bado linagoma. Na kikohozi cha shemeji kimeondoka, au kimeshakuwa mtu wa nyumbani? Mama mkwe wako bado anahesabu vijiko mkimaliza kula? Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini huo ni mgongo wa kubeba matofali. Siku ukiacha kuuma nitashtuka.

Hapo niliposema mimi ni mzima, Dada, rudia kusoma. Nimeandika kwa makusudi.

Ujumbe wako niliupata kwa simu ya Mpaka Rangi, mwenzangu wa chumbani. Yangu iliniponyoka ikazama kwenye zege, na sasa ni sehemu ya ngazi za ghorofa ya pili. Unasema umesikia kibofu changu kimeharibika, kwamba navuja, kwamba nimelazwa, na kwamba akina mama wenzako wa maombi wameanza kufunga kwa ajili yangu. Sikulazwa. Sivuji. Inayovuja ni rejeta ya gari, lile tangi la maji ya kupozea injini. Tafadhali waambie akina mama wale chakula, wasije wakafa njaa kwa ajili ya bati.

Nakueleza tangu mwanzo, tena kwa barua, kwa sababu chumbani tuko watatu na simu ya mmoja husikilizwa na wote. Mambo mengine humu hayafai masikio yao, utaona mbele.

Jengo tunalojenga liko mbali, huko ambako mabasi ya alfajiri hayajapasikia. Kwa hiyo mimi, Mpaka Rangi na Fundi Bomba tulichanga, tukanunua gari kwa mwalimu mmoja mstaafu. Ni la zamani. Mlango wa nyuma hufunguka kwa ndani tu, na wa mbele hufunguka ukiombwa. Mwalimu alitukabidhi funguo akasema, "Halina shida, ila lina kiu kidogo." Tukadhani anasema mafuta. Tukacheka naye. Nadhani yeye alicheka zaidi.

Mwanzoni lilitufikisha vizuri. Baadaye mshale wa joto ukaanza kupanda, na asubuhi moja katikati ya njia boneti ikafuka kama sufuria ya maharage. Mpaka Rangi, ambaye ndiye dereva kwa kuwa ana leseni na ana maneno, akasema si kitu, gari nalo hutoka jasho. Tulifika kazini wenzetu wameshalowa jasho. Nyapara alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni.

"Mmechemsha," akasema.

"Si sisi, mzee, ni gari," nikamjibu, nikidhani habari zimemfikia.

Watu walicheka mpaka mwenye toroli akaliachia. Yeye hakucheka. Akasema tukichelewa tena tusihangaike hata kushuka garini, maana wako watu wanaokaa ng'ambo ya uzio wakingoja kazi, hawana gari wala visingizio. Dada, kazi hii ikiniponyoka narudi nyumbani na mgongo mbovu na mikono mitupu, na wewe ndiye uliyenifungia mizigo mbele ya watu wote ukasema naenda kuwa mtu.

Ubaya wa kuvuja polepole ni kwamba hakuna ushahidi. Bomba likipasuka, unaliona. Gari hili lilinyweshwa jioni, asubuhi ardhi kavu na maji hayamo. Tulitandika maboksi chini yake tuone tone linaangukia wapi. Kulipokucha tukakuta alama moja ndogo ya unyevu na paka amelala juu yake, hivyo hatukujua ni ya nani.

Fundi Bomba aliona ametukanwa yeye na ukoo wake. "Mimi nafunga maji ya ghorofa nne, nishindwe na kikopo hiki?" Akazungushia ile tepe nyeupe ya mabomba kila penye kiungo, mpaka rejeta ikafanana na mtu aliyetoka kugongwa. Mpaka Rangi naye akaipiga rangi ya mafuta ya kijivu, mara mbili. Haikuacha kuvuja ila ilipendeza. Mimi niliweka saruji.

Usicheke. Kila mtu huziba kwa kile anachokijua. Ulizoea kuniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo inawatisha watu wa ofisini. Sisi ukuta ndio kazi yetu. Nilikoroga saruji nyepesi kama uji, nikapaka kwa chini palipokuwa na unyevu, nikalainisha kwa kidole. Ilishika vizuri sana. Maji yakatafuta mlango mwingine.

Fundi wa rejeta yupo, mwisho wa barabara yetu, lakini alitaka gari lishinde kwake kutwa, na Jumapili hafungui. Ikabidi tungoje siku ya mapumziko ya mwisho wa mwezi. Mpaka hapo tukawa tunatembea na kidumu cha maji chini ya kiti. Tukifika penye kichaka kabla ya kilima tunasimama, tunaliacha lipumue, tunalinywesha, tunaendelea. Tuliondoka mapema zaidi na hatukuchelewa tena.

Tulipoona tumelijulia, tukaletewa abiria. Gari la kampuni lililokuwa likimchukua Nyapara lilihamishiwa jengo jingine, na nyumba yake iko njiani kwetu. Hakuomba. Alisema, "Kesho mnipitie," akaenda zake. Tungemwambiaje? Akijua kwamba kufika kwetu kunategemea kidumu, angewaita wale wa ng'ambo ya uzio siku hiyohiyo.

Tukakaa chumbani kupanga. Nikatoa wazo, na wazo lenyewe ndilo lililoniponza: tukifika kichakani, mmoja aseme amebanwa na haja, anataka kuchimba dawa. Mgonjwa akimbilie kichakani, na dereva afungue boneti upesi, anyweshe, afunge. Mpaka Rangi akasema yeye dereva, hawezi kuwa mgonjwa. Fundi Bomba akashika kichwa. "Fundi bomba anayevuja! Nani atanipa kazi tena?" Nikabaki mimi. Nikawa mgonjwa wa kila siku, kwenda na kurudi.

Nyapara hakulalamika hata mara moja. Nikishuka na yeye anashuka, anakwenda mbali kuliko mimi, na anakawia kuliko mimi. Tulimsifu sana kwa adabu hiyo, maana ndiyo iliyotupa nafasi ya boneti. Saruji yangu ilipopata ufa tukawa tunasimama mara mbili, na bado hakusema kitu.

Kisha siku moja akaniita nyuma ya rundo la mchanga.

"Wewe. Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mzee?"

"Usinifiche. Umechimba dawa mpaka kichaka cha watu kinataka kukauka. Kesho usije kazini, nenda zahanati. Na ukirudi, kila watakalokufanyia na kila watakalosema, uje uniambie mimi. Mimi peke yangu."

Sikulala vizuri. Nilijua ndivyo watu wanavyofukuzwa kwa upole. Nilikwenda, muuguzi akanipa kikopo, na mimi niliyekuwa nikichimba dawa kila siku, kwa woga, sikupata hata tone. Nilikunywa maji ya bomba la uani mpaka tumbo likawa ngoma. Mwishowe wakapima, muuguzi akasema niko mzima kuliko yeye, niwapishe wagonjwa.

Saa hiyohiyo wewe ulipiga simu, na Mpaka Rangi akapokea. Anasema alikujibu, "Yuko hospitali, mambo ya kuvuja," halafu akataka kueleza, chaji ikakata. Mengine yote uliyamalizia mwenyewe, Dada, na akina mama wakakusaidia.

Sasa nakuja kwenye sehemu ya masikio yako tu.

Nilimkuta Nyapara stoo. Nikamwambia kwa furaha kwamba hawajaona ugonjwa.

"Hawakukupa dawa?"

"Hapana, mzee."

"Hata kidonge?"

"Hata kidonge."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Sijawahi kumwona mtu huyu amekaa. Akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba kuna kitu amekiacha humo, kisha akaniambia kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. Mwenye shida hiyo ni yeye, tangu zamani kidogo. Ndani ya gari la kampuni alikuwa akijibana njia nzima, vijasho vikimtoka, akiona aibu kumwambia dereva asimame. Aseme nini, yeye anayewafokea watu kwa kwenda chooni ovyo? "Gari lenu ndilo la kwanza kunihurumia," akasema. Na zahanati anaiogopa. Ndiyo maana alinitanguliza mimi, nikamwonee kama wanapasua, na kama wanalitaja tatizo la mtu mbele ya foleni.

Dada, nilikuwa nimejiandaa kulia na sasa nikataka kucheka, na yote mawili hayakufaa. Nikamwambia wanaita namba tu, na yule muuguzi ana haraka, hana muda wa kumcheka mtu. Nikamwambia nitamsindikiza. Lakini kwamba ni rejeta iliyokuwa ikitusimamisha, hilo sikulisema.

Siku ya mapumziko ilipofika, wenzangu walipeleka gari kwa fundi, nami nikampeleka Nyapara zahanati. Muuguzi aliponiona tena alipumua kwa nguvu. Nikamwambia leo mimi ni msindikizaji. Mzee alipimwa, akapewa dawa, akaambiwa wanaume wengi wa rika lake wanayo hali hiyo, avumilie mpaka dawa ishike. Alitoka akitembea kama mtu aliyetua gunia.

Nilipopitia kwa fundi wa rejeta, alikuwa na patasi mkononi. "Nani amejenga nyumba humu?" akauliza. Fundi Bomba na Mpaka Rangi wakanigeukia kwa pamoja. Alikuwa amebandua rangi, tepe na saruji, na chini kabisa akatuonyesha tobo, kama la sindano, la kukuaibisha ukiliona. Akalilehemu, akajaza maji, akawasha injini mpaka ikapata moto. Hakuna tone. Kazi ya muda wa kuvuta sigara moja.

Kesho yake asubuhi tukampitia Nyapara. Mshale ulilala chini kama mtoto aliyeshiba. Mpaka Rangi alipiga mluzi. Tulipokaribia kichaka akasema, "Leo hatusimami mpaka getini!" akakanyaga mafuta. Nikamtazama Nyapara. Alikuwa akiangalia mbele, meno ameyauma, na goti lake linacheza.

"Simama," nikasema. "Nataka kuchimba dawa."

"Dawa ya nini tena? Si rejeta imesha..."

Nikamfinya ubavuni mpaka gari likayumba. Akasimama. Nyapara alikuwa ameshashuka kabla ya breki kumaliza kulia. Nami nikasimama kwenye majani nikiwa sina haja yoyote, nikaangalia wadudu. Nyuma yangu nikamsikia Fundi Bomba akinong'ona, "Kumbe ni mgonjwa kweli, masikini."

Mzee aliporudi alipita mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na ubaridi wake. Akanitazama.

"Bado lina kiu?" akaniuliza.

Hapo nikajua anajua, na pengine alijua tangu tone la kwanza.

"Bado kidogo, mzee."

"Basi msiliharakishe. Kazi hamtachelewa mkiwa na mimi."

Akaingia, akafunga mlango. Tangu siku hiyo rejeta ni nzima, kidumu tumekirudisha jikoni, na sisi tunasimama palepale. Wenzangu wanaamini mimi ndiye mgonjwa, wananiachia kitanda cha karibu na mlango. Nimewaacha waamini. Ni kitanda kizuri.

Kwa hiyo, Dada, nimebadili mawazo kuhusu akina mama. Kula wale, lakini maombi wasiyaache. Jina langu libaki hapohapo walipoliweka. Mungu hajaishia darasa nililoishia mimi, atajua kibofu ni cha nani. Na haya niliyokuandikia yasimfikie hata mama mkwe wako, hasa yeye. Rejeta imezibwa, usije ukavuja wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie akipika maharage ya kuchemsha anikumbuke. Nisalimie shangazi na mjomba dereva wa lori, ambaye ningemuuliza mapema tusingepaka saruji. Wale watoto wabusu wote, na yule mdogo umwambie simu yangu imo ngazini, akija mjini atanipigia kwa kukanyaga. Mungu akulinde, akulainishie goti la kushoto, na akupe usingizi usio na wasiwasi juu yangu.

Wako akupendaye, mzima, mkavu,

Kitindamimba wenu.