Bibi wa Majibu ya Makosa

Kaka yangu,

Hatujambo huku. Bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Leo nimerudi kufundisha mtandaoni. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiingia darasani kwa simu, akiwa chumbani kwake, anakosea hesabu makusudi ili wanafunzi wafungue vipaza sauti wamsahihishe Bibi yao? Bila yeye ningekuwa najisemea peke yangu.

Leo nikauliza saba mara nane. Badala ya jibu, mmoja akasema, "Mwalimu, Bibi yuko wapi?"

Tangu tumzike sijatoa hata chozi, Kaka. Nikajibu kwamba mtandao unamsumbua.

Vipaza sauti vikafunguliwa vyote kwa mpigo. "Basi tumsubiri!"

Tukamsubiri mpaka kipindi kilipokwisha.

Ni mimi,
dada yako