Neno Ulilotutafsiria, Mjomba

Komine ya Alunguli,
Kindu, Maniema.
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Mbaraka,

Asalamu aleikum. Baridi ya Ubelgiji unaivumiliaje? Mgongo wako umepona? Sisi ni wazima. Mama yangu, dada yako Jamila, bado anauza mchele sokoni, na Bibi Riziki hakusahau katika dua zake hata siku moja.

Wiki hii Mwalimu Gauthier alitufundisha ni nani anayetunza amani ya dunia. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina jukumu la kwanza, Umoja wa Afrika na jumuiya za kanda husaidia, na kila serikali inapaswa kulinda raia wake. Désiré akainua mkono: "Mwalimu, ni kama ile kabati ya direkta wa shule! Sisi wote tulikuwa tunasaidia kubeba, njo maana ilianguka." Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka.

Jioni nilifungua sanduku uliloliacha, nikitafuta kamusi yako ya Kifaransa. Nikakuta daftari lako la mwaka 2003, ulipokuwa mkalimani wa askari wa amani. Mkutanoni uliandika maneno ya ofisa wao: « Nous appuierons ceux qui vous protègent. » Yaani, watawasaidia wale wanaotulinda.

Lakini wewe, Mjomba, uliwaambia watu: "Tutawalinda." Bibi anasema vigelegele vilipigwa. Babu Ali, baba yako, aliyekuwa amekimbilia ng'ambo, mjini, kwa sababu ya vita, kesho yake akachukua panga avuke mto kurudi shambani. Bibi alimzuia. Akamjibu: "Mutoto wangu mwenyewe amesema. Niogope nini?"

Hakurudi.

Tangu utoto wangu nimewachukia wale askari wageni kwa uongo wao. Sasa sijui hasira yangu niipeleke wapi. Labda uliwahurumia watu waliochoka kukimbia. Labda nawe ulitamani iwe kweli. Lakini uliondoka ukanyamaza, na mpaka leo Bibi anawalaani wao.

Sijamwambia. Yeye hajui Kifaransa, nami siwezi kusema kwa niaba yako. Tafadhali, mwandikie mwenyewe. Nitamsomea kama ulivyoandika, bila kuongeza wala kupunguza neno. Naamini utaandika.

Msalimie mke wako, Mama Rehema, na watoto. Mungu akuhifadhi, akupe na ujasiri.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda bado,
Mounira